Nani Anamrudisha Nani? Kitenzi "repatriate" Kikisomwa Baraka



Nimeombwa nizungumzie kitenzi kimoja cha Kiingereza cha ngazi ya juu, yaani kile ambacho mwanafunzi hakipati katika kitabu cha kwanza wala cha pili. Mwalimu wa mji mwingine angefungua orodha ya mitihani akachagua. Hapa Baraka, mji wa Fizi kando ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, orodha haihitajiki. Kipo kitenzi ambacho mama asiyewahi kuketi darasa la Kiingereza anakifahamu vizuri, kwa sababu kiliwahi kuandikwa kwenye karatasi yenye jina lake na majina ya wanawe. Kitenzi hicho ni "repatriate".

Tuanze na sauti, maana neno usiloweza kulitamka hutalitumia. Waingereza husema ri-PA-tri-eit. Wamarekani wengi husema ri-PEI-tri-eit. Chagua moja ukae nayo. Neno hilohilo likiwa nomino, yaani mtu aliyerudishwa kwao, silabi ya mwisho hufifia, isikike kama "et" nyepesi. Vijana wengi wanaojifunza Kiingereza hapa mjini huibana silabi hiyo kwa nguvu popote inapotokea, na Mwingereza akisikia hudhani wametumia kitenzi mahali pa jina.

Sasa muundo wake. Kitenzi hiki hudai mtendwa. Serikali "repatriates" wakimbizi. Shirika "repatriates" familia. Ubalozi "repatriates" maiti ya raia wake. Mtendaji karibu kila mara ni ofisi, na anayesafiri yuko upande wa pili wa sentensi, pale tunapoweka gunia au barua. Kamusi zinakubali pia matumizi yasiyo na mtendwa, mtu "repatriates" mwenyewe, lakini hayo utayakuta zaidi kwa wafanyakazi wa makampuni makubwa waliomaliza mikataba yao ughaibuni. Kwa mkimbizi, Kiingereza cha kila siku hutumia hali ya kutendwa: "was repatriated", "were repatriated". Aliyefanya hivyo hatajwi.

Msikilizaji wa Fizi hapo atauliza: nani alifanya? Kiswahili kimemzoesha kuuliza. Sisi tuna mzizi mmoja, -rudi, na tunaupachika viungo mpaka habari yote ijulikane. Alirudi: kwa miguu yake na kwa kichwa chake. Alirudisha: kuna kitu alichokirejesha au mtu aliyemrejesha. Alirudishwa: kuna mkono uliomshika. Hakuna njia ya kulisema jambo hili bila kuchagua. Ukimwambia mzee wa Mukolwe kwamba watu fulani walirudishwa, jambo la kwanza atakalouliza ni kama walikuwapo askari. Ukimwambia walirudi, atauliza wamefikia kwa nani. Ni maswali mawili ya ulimwengu tofauti kabisa, na yote mawili Kiingereza kimeyafungia ndani ya neno moja.

Hayo ndiyo ninayotaka kuyasema jioni hii: kitenzi hiki kimeficha mtendaji, na sisi tunaokitafsiri kila siku hatuna ruhusa ya kuendelea kumficha.

Lakini hakikuzaliwa hivyo. Katika Kilatini cha zama za mwisho, "repatriare" ilimaanisha mtu kurudi nchini kwake mwenyewe. Kitenzi kilikuwa na miguu. Kutoka hapo Kifaransa cha kale kilipata kitenzi cha kurudi nyumbani, na Kiingereza kikakichukua kama "repair", si ile ya kutengeneza pikipiki, bali ile nyingine ya vitabuni yenye maana ya kwenda mahali. Tawi jingine likawa "repaire" ya Kifaransa, pango la mnyama, mahali anaporudi kulala. Ninyi mnaofuata taarifa za kijeshi kwenye redio mnalijua neno hilo, jinsi wanavyolitumia kwa maficho ya majambazi. Kumbe pango la jambazi na safari ya mkimbizi ni watoto wa mama mmoja!

"Repatriate" yenyewe iliingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17. Ilipata kazi nyingi vita vilipokuwa vikubwa na ofisi nazo zikawa kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Fridtjof Nansen wa Norway, akifanya kazi ya Shirikisho la Mataifa, alisimamia kurudishwa kwa mateka wa vita zaidi ya 400,000. Kitenzi kilistahili kazi hiyo: mateka hawezi kujirudisha, lazima afunguliwe. Kisha mwaka 1945, baada ya mapatano ya Yalta, raia wa Kisovieti waliokutwa Ulaya Magharibi walikabidhiwa kwa Stalin, wengi wao kwa nguvu. Neno lililoandikwa kwenye makaratasi lilikuwa lilelile. Tangu hapo wanasheria wameshindwa kuliacha litembee peke yake. Wamelifunga kivumishi "voluntary", kwa hiari. Jiulizeni ni vitenzi vingapi vinavyohitaji mlinzi wa namna hiyo. Hatusemi mtu amekula kwa hiari, isipokuwa pale palipo na mashaka.

Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliopitishwa Addis Ababa mwezi Septemba 1969, ulilifanyia jambo hili kifungu kizima, cha 5: hiari iheshimiwe kila mara, na mkimbizi asirudishwe bila ridhaa yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 una kifungu cha 33 kinachopendeza zaidi kwa mwalimu wa lugha. Nakala yake ya Kiingereza inakataza kumfukuza au kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, na hapo, baada ya kitenzi cha Kiingereza cha kurudisha, waandishi walipachika neno la Kifaransa kwenye mabano: "refouler". Kiingereza chote, pamoja na utajiri wake, hakikuwapa neno lenye uzito uliotakiwa, wakaazima. Mwanafunzi wa Baraka aliyesoma kwa Kifaransa tangu utoto analielewa neno hilo haraka kuliko mwanasheria kijana wa London. Msikubali kuambiwa kwamba Kifaransa chenu kinawachelewesha katika Kiingereza.

Na kwa nini sheria iwe na wasiwasi hivyo? Desemba 1996 ng'ambo ya ziwa hili, serikali ya Tanzania pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba Wanyarwanda waliokuwa Ngara na Karagwe waondoke kabla ya tarehe 31 mwezi huo. Karibu watu nusu milioni walivuka, askari wakiwa barabarani. Katika ripoti za Kiingereza, watu hao "were repatriated". Waliofurahi kwenda wapo, waliosukumwa wapo, na waliokimbilia porini wakashikwa wakaelekezwa mpakani Rusumo nao wapo. Sarufi imewaweka wote katika foleni moja.

Tuje kwetu sasa.

Vita vya 1996 vilipopita Uvira na kushuka huku, watu wa Fizi walifanya walichofanya baba zao wakati wa uasi wa miaka ya 1964 na 1965: walielekea majini. Kigoma, upande wa Tanzania, iliwapokea. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo, Lugufu ikafuata. Mwaka uliofuata, Mobutu alipoanguka, meli ya zamani Liemba ilikodiwa kurudisha watu, safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, abiria zaidi ya 75,000. Kisha vita vya pili vya 1998 vikawarudisha wengi kulekule walikotoka, na hapa kitenzi cha Kiswahili kinanitosha bila maelezo.

Oktoba 2005 msafara wa hiari ulianza tena, safari hii ukishukia hapa Baraka. Wengi mliomo humu mliuona, na wengine mlikuwa ndani yake. Watu walisajiliwa, wakapimwa afya, wakapanda meli Kigoma, wakateremka na magodoro, masufuria, kuku na watoto waliozaliwa ugenini. Walipewa vifaa vya kuanzia. Jina walilopewa mjini lilitokana na Kifaransa, "rapatriye". Baadhi yenu bado mnaitwa hivyo, miaka ishirini baadaye, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza safari hiyo itaisha lini.

Nawaomba muangalie kitenzi kinakomea wapi. Kwa Kiingereza cha ofisi, "repatriate" hutimia mguu unapogusa mchanga. Jina likitiwa alama, kitendo kimekwisha, na idadi inaingia kwenye jedwali la mwezi. Lakini mama aliyetoka Mboko, tuseme, bado hajarudi. Anatafuta gari. Akifika, kiwanja chake kina nyumba ya mtu mwingine aliyekimbia kutoka milimani na kuwekwa hapo na mzee wa kijiji kwa nia njema. Shamba la mihogo limegawanywa. Michikichi aliyoiacha michanga inavunwa na shemeji. Kuna kikao, kuna mashahidi, kuna jirani anayekumbuka mpaka na jirani anayekumbuka mpaka mwingine. Siku atakapotoa sombe shambani kwake bila mtu kumuuliza chochote, hapo Kiswahili kitasema amerudi. Inaweza kuchukua miaka, na kwa baadhi ya watu haijatokea hadi leo.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaotafsiri "repatriation" kuwa "kurudi nyumbani". Neno la Kilatini ndani yake ni "patria", nchi ya baba, na nchi ni kubwa. Mtu anaweza kurejeshwa Kongo asirejeshwe nyumbani. Aliyetoka Lulenge akakwama Baraka kwa sababu njia ya kupanda milimani haipitiki amesharudi nchini kwa hesabu zote za dunia, huku akiendelea kulipa kodi ya chumba. Tena neno hilo la nchi ya baba katika milima yetu si neno jepesi. Watu wamekufa wakibishana baba wa nani alikuwa hapa. Kitenzi cha Kiingereza hakiwezi kuamua kesi hiyo, na kitumiwe na ofisa au na mwanasiasa, tukatae kisiamue kwa mlango wa nyuma.

Kuna kundi jingine ambalo Kiingereza cha mashirika kimelitendea jambo la ajabu. Ni wale waliorudi wenyewe, usiku, kwa mtumbwi au boti ya mfanyabiashara, kwa nauli waliyoipata kwa kuuza mahindi ya posho. Hao hawakuwa "repatriated", maana hakuna aliyewasajili. Wakaitwa "spontaneous returnees". "Spontaneous" ni neno la kitu kinachotokea chenyewe bila kupangwa, kama kicheko kinachomtoka mtu. Mwanamume aliyetuma mdogo wake kwanza aangalie hali, akasubiri habari miezi kadhaa, akauza baiskeli, akachagua usiku usio na mwezi, kisha akaitwa mtu wa ghafla! Mipango yote aliifanya yeye, ila haikupita ofisini. Ukikutana na neno hilo katika ripoti, litafsiri kwa maneno manne tu: waliorudi kwa uwezo wao.

Ndugu wa "repatriate" upande wa pili ni "expatriate", aliyetoka nchini kwake. Kwa kamusi, kila mkimbizi aliyekuwa Nyarugusu alikuwa "expatriate". Lakini jaribu kulitumia hivyo hapa Baraka uone watakavyocheka. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi mjini hapa mwaka 2003, na kila mtoto anajua "expat" ni nani: ni yule anayeshuka kwenye gari lenye antena ndefu. Asili ya maneno haya mawili ni moja. Moja likapata gari, jingine likapata turubai.

Sitakaa sana kwenye fedha, ila mwanafunzi wa uchumi lazima ajue. Faida na mapato nayo "are repatriated". Sheria ya madini ya nchi hii ya 2002 ilizitaka kampuni zinazouza madini nje zirejeshe nchini asilimia 40 ya mapato ya mauzo. Marekebisho ya 2018 yakapandisha hadi 60 wakati mwekezaji bado anarudisha mtaji wake. Kwa Kiingereza cha magazeti ya biashara, hata hivyo, kampuni inayopeleka faida makao yake makuu Ulaya nayo "repatriates" faida hiyo. Kwa hiyo ukisoma kwamba fedha zime-"repatriated", tafuta kwanza mwandishi amesimama upande gani. Dhahabu ya machimbo ya Misisi, ambayo mara nyingi huondoka mfukoni mwa mtu bila kupita katika sheria yoyote, haina kitenzi hiki kabisa.

Kitenzi hiki hupata utajiri zaidi kwenye vitu vya wafu. Tarehe 20 Juni 2022, mjini Brussels, Ubelgiji iliwakabidhi watoto wa Patrice Lumumba jino lake, kitu pekee kilichobaki mwilini mwake baada ya polisi wa Kibelgiji kuuyeyusha kwa asidi mwaka 1961. Jeneza lilizungushwa nchini, Onalua alikozaliwa, Kisangani, Shilatembo alikouawa, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Hapa kitenzi kilikuwa mahali pake kwa haki. Lumumba hakuwa na namna ya kujirudisha; alichukuliwa na lazima aliyemchukua amrejeshe. Hali ya kutendwa haikuficha mtu, kwa sababu kila aliyesikiliza redio alijua mtendaji ni nani.

Mwezi huohuo Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku. Magazeti mengi yaliandika kwamba kime-"repatriated". Kisheria kilikuwa kimekopeshwa, mkopo usio na mwisho, lakini mkopo. Mwenye mali anakopeshwa mali yake! Sasa fikirini vinyago vya alunga vya Wabembe wa hapa Fizi, vile vya kofia vyenye nyuso mbili na macho makubwa ndani ya mashimo yaliyochimbwa kama bakuli, vilivyo katika makumbusho na nyumba za matajiri Ulaya na Marekani. Siku kimojawapo kitakapoletwa, tutahitaji vitenzi vitatu tofauti: kurudishwa, kukopeshwa, na kuonyeshwa. Mkataba utaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na nawaomba vijana mliopo hapa mmoja wenu awe ndiye anayeusoma kabla haujatiwa saini. Na msisahau kuuliza kinarudi wapi: kabatini Kinshasa, au kwa wazee wanaojua kilivaliwa kwa kazi gani?

Kiambishi "re-" kinabaki. Kinadai kwamba uliwahi kuwapo. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1999 amesoma kule kwa mtaala wa Kongo, ameimba wimbo wa taifa la Kongo, amepita mtihani wa Kongo, ila ziwa hajalivuka. Akipandishwa boti kuja hapa, "re-" inasema uongo juu yake; yeye anafika, harudi. Anayerudi ni mama yake, ndani ya boti hiyohiyo. Wenzake walipangwa katika mpango mkubwa wa Marekani wa kuwachukua wakimbizi wa Nyarugusu, na kitenzi chao kikawa "resettle", nacho kina "re-" kama kwamba waliwahi kutulia mara ya kwanza. Wengine walikuwa wameshapimwa na kuhojiwa mpango huo uliposimamishwa Januari 2025. Hao sasa hawana kitenzi. Nimejaribu kuwatafutia katika lugha zote ninazozijua.

Nimalizie na kazi iliyoko mbele yetu leo, kwani Fizi si nchi ya kukimbiwa tu. Tangu 2015 wakimbizi wa Burundi wamekuwa katika kambi ya Lusenda, na tangu 2017 Mulongwe, hatua chache kutoka tulipo. Mwaka 2020 malori yalianza kuwarudisha Burundi wanaojiandikisha. Wengi wa wakalimani ni vijana wetu, na baadhi yao wameketi viti vya mbele hapa. Ofisa mgeni anauliza kwa Kiingereza, "Do you want to be repatriated?" Kijana anapaswa kuamua papo hapo.

Akisema "unataka kurudishwa?", baba wa watu atasikia mkono wa askari na kukataa, hata kama moyo wake umeshafungasha. Akisema "unataka kurudi?", atajibu ndiyo kabla swali halijaisha, kwani ni nani asiyetaka kurudi? Lakini ndiyo hiyo ni ya hamu. Si ya lori la Jumanne.

Kirundi kina kitenzi ambacho Kiswahili hakina. "Guhunga" ni kukimbia nchi. Kutokana nacho wamepata "guhunguka", kuufungua ule ukimbizi, kama sisi tunavyotoa fungua katika funga. Kimbia yetu haifunguki hivyo. Mrundi akiulizwa kwa kitenzi hicho anaulizwa kama hofu iliyomtoa imekwisha, na jibu lake litakuwa refu. Atataja mtu, atataja shamba, atataja msimu wa kupanda. Mkalimani anayejua kazi yake atalipeleka jibu hilo lote kwa ofisa, kisha atauliza mengine mawili kwa Kiswahili cha kawaida: utakwenda lini, na utakwenda na nani? Fomu ina nafasi ya neno moja tu. Yaliyobaki yaandikwe nyuma ya karatasi.